Sufuri ya Shamba la Yaya Mapendo

Mmeniomba, ninyi mnaobaki na kamba na fremu, niwaachie maandishi ya jinsi tulivyofanya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: mtasoma mpaka mwisho, si kurukaruka kama mnavyosoma mwongozo wa mradi. Mwongozo unawaambia fremu ina upana gani. Hauwaambii kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, anayeimba kwaya kila Jumapili, anaweza kuisogeza fremu hatua mbili na kuharibu kazi ya msimu mzima. Mtu huyo ni mimi, na nitafika huko.

Niliingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikitokea upande wa Uvira, Kongo, mjane, nina watoto wawili na dada yangu mkubwa Mapendo. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanamume au mwanamke, na mpaka leo sijawahi kulitamka jina lake bila kutanguliza yaya. Siku ya kuandikishwa karani alinirudisha nyuma ya foleni mara tatu. Kisanduku kimoja kwenye fomu kilikuwa kitupu: tarehe ya kuzaliwa ya marehemu mume wangu. Nani aliijua? Mwenyewe hakuijua. Mara ya nne yaya akaninong'oneza, "Weka tu kitu mule, mudogo wangu. Banataka kuona kitu." Nikaweka tarehe ya Noeli. Karani akapiga muhuri, tukapata turubai, sufuria na kadi ya posho. Somo lile lilinikaa sawasawa: kwenye karatasi ya wakubwa, kisanduku kitupu ni njaa.

Mwaka wa tisini na tisa ukaja mradi kutoka mji wa Mbarara, wa kuchunguza mimea na wadudu kando ya ziwa la kambi yetu. Walitaka mtu wa kambini anayejua kusoma, anayeandika mwandiko wa kusomeka, asiyeogopa matope. Mwandiko ninao, masista walinichapa mpaka ukanyooka. Matope, jamani, nani kambini aliogopa matope?

Mkuu wa mradi alikuwa Daktari Kemigisha, mtaalamu wa mimea, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na thermosi ya chai ambayo hakumpa mtu kuibeba. Kazi yenyewe lakini sikufundishwa naye. Nilifundishwa na Afande Mugume. Huyu alikuwa askari katika kambi ya jeshi ya Mbarara miaka mingi, kisha akavua magwanda na kuwa fundi wa mradi. Magwanda aliyavua, uafande ulibaki. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, amri tupu, na siku ya kwanza alinitazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe natoka wapi?"

"Uvira, afande."

"Kale, sawa. Wewe iko Mama Uvira. Kesho kuja na buti. Hii slipasi, ziwa itakula."

Sikuwa na buti. Nilikwenda na kandambili zilezile nimezifunga kwa kamba ya mgomba, na ziwa likala moja kabla ya saa nne. Kesho yake Afande akaniletea buti za jeshi, kubwa, nikazijaza matambara mbele. Nimezivaa miaka sita.

Sasa kazi. Tulinyoosha utepe wa kupimia kutoka ukingo wa maji kupanda juu, mstari baada ya mstari, kando ya ziwa lote la upande wetu. Halafu Afande anafungua kitabu cha namba za kubahatisha. Kitabu kile hakina hadithi hata moja, kurasa zote ni namba zimetupwa hovyo, na yeye alikifunga kwa plastiki kuliko alivyofunga simu yake baadaye. Namba ikisema arobaini na tatu, unatembea mpaka mita ya arobaini na tatu, unalaza fremu ya mbao, mita moja kila upande, unapiga magoti, unahesabu aina za mimea iliyoota yenyewe ndani yake. Mazao hayahesabiwi. Harage lililopandwa na mtu si letu, ni la mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini tusichague wenyewe mahali pazuri pa kuhesabia.

"Kwa sababu macho yako iko na njaa," akasema. "Inakimbia kwa kitu nzuri. Kitabu haina njaa."

Niliitikia ndiyo afande. Kuitikia ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine, hilo mlijue ninyi mnaotikisa vichwa kwenye mafunzo.

Wadudu tuliwatega kwa makopo ya mafuta ya posho. Unachimba shimo, unazamisha kopo mpaka mdomo wake ulingane na ardhi. Ukiliacha limechomoza hata upana wa ukucha, mende anazunguka na kwenda zake, anakucheka. Juu unaweka kigae juu ya vijiwe vitatu ili mvua isijaze kopo. Asubuhi unahesabu. Mara nyingi unakuta chura ameshatangulia, ameshiba mende wako wote, na huyo unamwandika kwenye karatasi ya vyura. Panzi na vipepeo tuliwafagia kwa wavu nilioushona mwenyewe kwa kipande cha chandarua. Ng'ombe walikula bendera zetu. Kiboko alilalia mstari wa tano.

Ila kilichotusumbua zaidi ni vigingi. Kambini, mtu akiona kigingi na utepe, anajua kitu kimoja tu: mashamba yanagawanywa. Wiki ya kwanza tulifika tukakuta akina mama watatu wamekaa kila mmoja kwenye kigingi chake, jembe mapajani, wametandika mpaka mikeka. Afande aliwaeleza kwamba tunahesabu majani. Mmoja akamtazama kwa huruma, akaniuliza mimi, "Huyu baba anaumwa tangu lini?" Hakuondoka mpaka tulipong'oa kigingi.

Baada ya miezi miwili Afande akanipa mistari ya upande wa mashariki niifanye peke yangu. Nilifurahi mno. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya kwanza, fremu ya tatu iliangukia ardhi tupu. Udongo mkavu umepasuka, kwato za ng'ombe, basi. Nilipiga magoti, nikatafuta hata ukoka. Hakuna. Nikaitazama karatasi: kisanduku kinanisubiri. Nikamwona yule karani. Nikaona foleni. Nikajiambia, Daktari amelipia gari kutoka Mbarara mpaka huku, nimrudishie kisanduku kitupu? Atasema Mama Uvira alilala chini ya mti. Hatua mbili kando kulikuwa na kichaka kizuri. Nikaibeba fremu, nikailaza pale. Aina sita. Nikaandika sita kwa mwandiko wa masista.

Sikuona kwamba nadanganya. Naapa kwa Mungu wangu, niliona namheshimu Daktari. Msimu mzima nilifanya hivyo, kila palipokuwa patupu nilisogea mpaka penye kitu.

Kando ya ziwa kulikuwa na mashamba, na moja lilikuwa la yaya. Maharage na mahindi, karibu kabisa na maji, udongo mweusi. Lilikuwa linalisha nyumba yetu yote. Maneno yalikuwa yanazunguka kwamba ukanda ule wa kando ya maji umechoka, udongo unaingia ziwani, samaki hawana pa kutagia, na kwamba kikao kikubwa kitaamua kama majembe na ng'ombe viondolewe. Kikao kilikuwa kinangojea hesabu zetu. Daktari alipojumlisha, akasema kwa awali mambo si mabaya, mimea kando ya maji bado ni mingi, hasa upande wa mashariki. Yaya aliposikia alipika sombe, kisamvu chetu, na samaki, akaita majirani. "Mudogo wangu alihesabu mwenyewe," aliwaambia. "Shamba inabaki!" Nilikula nikashiba.

Afande alikuwa na desturi moja ambayo natamani muishike kuliko zote. Msimu ukiisha, alichukua karatasi za mtu, akachagua fremu chache bila kumwambia, akarudi kuzihesabu upya na mwenye karatasi akiwa pembeni. Zamu yangu ikafika. Tukaenda kwenye ile fremu ya tatu. Akapima mara mbili, akalaza mbao kwenye udongo mtupu, akatazama karatasi, akatazama ardhi, akatazama karatasi tena.

"Mama Uvira. Hii majani sita ilipanda basi ikaenda Mbarara?"

"Ng'ombe wamekula, afande."

Tukaenda ya pili. Tupu. "Na hapa?"

"Ng'ombe."

"Banange! Ng'ombe gani anakula mpaka mizizi na anapanguza mdomo?"

Nikakaa palepale chini nikamweleza yote, karani, foleni, tarehe ya Noeli, kila kisanduku nilichojaza. Nilitegemea matusi. Alivua kofia, naye akakaa chini kando yangu.

"Sikiliza," akasema. "Kwa jeshi, tunatuma mtu mbele anaangalia. Akirudi anasema sikuona kitu, hiyo iko ripoti. Ripoti kamili. Akiogopa kurudi mikono mitupu, anasema niliona, watu wanakufa. Sufuri iko namba, nyabo. Hapana aibu. Umeharibu, lakini umeharibu kama mtu wa adabu, na hiyo iko mbaya zaidi, kwa sababu hakuna mtu anashuku."

"Utamwambia Daktari?"

"Mimi? Hapana. Wewe utamwambia. Mpaka Jumatatu."

Hizo siku tatu sitazisahau. Nikisema, kazi imekwisha, na ukanda ukifungwa shamba la yaya limekwenda, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikinyamaza, shamba linabaki, watoto wanakula, na ziwa linajazwa udongo huku karatasi zangu zikiimba kwamba yote ni mazuri. Jumamosi nilikwenda kumsaidia yaya kupalilia. Mvua ya jana yake ilikuwa imeshuka, na nikaona mifereji ya maji ya tope jeusi ikitoka katikati ya maharage yetu kuingia ziwani. Nilikuwa nimeiona mwaka mzima. Siku ile niliitazama.

Jumatatu nikapanda gari la mizigo mpaka Mbarara, nikasimama mbele ya meza ya Daktari na kumwambia. Alifunika kalamu yake. Akamimina chai kwenye kifuniko cha thermosi, akakisukuma upande wangu.

"Fremu ngapi?" akauliza.

"Sijui, Daktari. Nyingi. Afadhali upande wote."

"Kikao ni baada ya siku tisa."

"Nitarudia zote."

"Peke yako?"

"Peke yangu, kama nimefukuzwa. Hata nikiwa nimefukuzwa nitarudia. Nipe fremu tu."

"Hujafukuzwa," akasema. "Kama ungefukuzwa, nani mwingine angejua ulisogeza wapi?"

Tulirudia upande wote wa mashariki kwa siku nane, mimi na Afande, namba zilezile, tangu umande mpaka jua linapozama. Magoti yangu yalichubuka yakatoa usaha, nikayafunga kanga, nikaendelea. Sufuri. Mbili. Sufuri. Sufuri. Moja. Kila sufuri niliizungushia vizuri ionekane.

Siku ya sita namba ikatuingiza kwenye shamba la yaya. Yeye mwenyewe alikuwepo, jembe mkononi, na kwa mara ya kwanza nilitamani kitabu kile kiungue. Fremu ikalala katikati ya mistari ya maharage. Sasa eleweni: yaya alikuwa mkulima hodari. Shamba lake lilikuwa limepaliliwa likang'aa, huwezi kuokota gugu hata la dawa. Maharage si ya kuhesabu. Kilichobaki ni udongo.

"Unaandika nini pale?" akauliza.

"Sufuri, yaya."

"Sufuri ni nini?"

"Ni hakuna kitu."

"Hii fasi?" Akaangusha jembe. "Hii fasi nililima na mikono yangu mbili, batoto bako banakula humu, weye mutu wa kwetu unaandika hakuna kitu?"

Afande aligeuka akatazama ziwa. Nami nikasema, na sauti ikanitoka kavu kuliko nilivyotaka, "Ndiyo, yaya. Naandika hivyo."

Kikao kiliamua ukanda ule ufungwe. Yaya akapewa shamba jingine juu kilimani, mawe matupu, mwendo wa saa nzima kutoka kwenye maji. Hakunitukana. Alinyamaza, na kunyamaza kwa yaya ni kuzito kuliko matusi ya soko zima. Kila Jumamosi nilipanda kile kilima na jembe langu nikalima naye. Alinigawia chakula, alinitengea maji ya kunawa, hakunisemesha. Miaka miwili mizima! Nililima tu. Tulitoa mawe, tukayapanga ukingoni yakazuia udongo, na mwaka wa tatu kilima kile kikatoa maharage. Siku ya kuvuna ndipo aliposema, "Shika gunia vizuri, inamwagika." Nililia kwenye gunia. Ila habari za kando ya ziwa hakutaka kusikia, na kule chini hakukanyaga tena.

Miaka iliyofuata mnaijua nusu yake. Fremu chache tulizifanya za kudumu, tukafukia kipande cha nondo kwenye kona ili turudi palepale kila mwaka, na ya shamba la yaya ilikuwa ya kumi na saba. Tulikwenda kupima kambi ya Oruchinga pia, ambako mbuzi walitushinda na sioni haya kusema. Afande alistaafu akaenda Masha kwenye ng'ombe zake. Nilipomtembelea aliniuliza kama bado ninaandika sufuri. Nikamwambia naandika. "Kubwa?" Kubwa, afande. Akaagiza niletewe maziwa. Na kila niliyemfundisha, wengi wenu ni hao, nilimpeleka kwanza kwenye ardhi tupu nikamlazimisha aandike sufuri mbele yangu. Mlidhani ni ukali wa uzee.

Mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tano, magoti yakakataa. Daktari, naye nywele nyeupe sasa, aliniuliza nataka nini kwa kuagwa. Niliomba karatasi moja kutoka kwenye makabati ya Mbarara, ile yenye sufuri ya shamba la yaya. Akaitafuta mwenyewe, ina doa la udongo, mwandiko wa masista.

Siku ya mwisho ya kuhesabu nilimwambia yaya naenda kumaliza kazi, na kwamba nimepewa ile karatasi ya shamba lake. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Ile fasi yangu nayo munaihesabu?"

"Kila mwaka."

Akaweka ungo chini, akatafuta fimbo yake. Tulitembea polepole, vikongwe wawili, mpaka ukandani. Hakulitambua shamba. Mafunjo yamesimama kuliko mtu, chini yake matete na nyasi, ndege wanapiga kelele humo ndani. Si kila mahali, msije mkaandika uongo kwa sababu yangu: fremu mbili za juu bado zilikuwa udongo mtupu asubuhi ileile. Nikapapasa nondo yetu nikaipata.

"Nionyeshe ile karatasi," yaya akasema.

Nikampa. Hajui kusoma. Nikakiweka kidole chake juu ya kile kisanduku, na akakaa akilipapasa lile duara.

"Ni hii ilichukua shamba yangu?"

"Ni hii, yaya."

"Kumbe ni kadogo hivi." Akanirudishia. Akashika upande mmoja wa fremu, mimi mwingine, tukainama na kulalamika viuno, na kabla haijagusa chini akaivuta kwa ujanja kuelekea kushoto. "Pale kuna maua mingi," akasema.

"Rudisha, yaya. Palepale kwenye nondo."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Akaguna, akairudisha. Kisha akapiga magoti kabla yangu, akashika jani la kwanza kwa vidole viwili bila kuling'oa, akanitazama.

"Moja," akasema. "Andika."